Bati la biskuti: shajara ya kurudi zilikopigwa picha za nyumbani

Jumamosi, 7 Januari 2023

Bati limekuwa langu rasmi. Tangu bibi afariki lilikuwa juu ya kabati la mama, chini ya mikeka ya sikukuu, na kila mtu akijua limo na hakuna aliyelishughulikia. Ndani mna picha 41, risiti mbili za kodi ya nyumba na kifungo kimoja cha koti. Negativu hakuna hata moja. Picha zote ni za Unguja, nyeusi na nyeupe, na kwa yaliyoandikwa nyuma zimepigwa baina ya 1958 na 1969. Aliyezipiga ni ami, mdogo wake baba. Kamera ilikuwa yake, kwa hiyo yeye hayumo katika picha hata moja. Aliondoka Unguja mwaka huo huo wa 1969 akafia Mombasa, mimi sijapata kumuona.

Kazi niliyojipa ni kurudi kila pahala, kusimama pale pale aliposimama, na kupiga tena. Sisemi karibu na hapo. Picha za zamani na sasa zilizowekwa ubavu kwa ubavu nimeziona nyingi, na ukizitizama vizuri mpigaji amekosea hatua kumi, wakati mwengine na mtaa wenyewe. Hizo mimi hazinifurahishi.

Alhamisi, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, kazini hatuendi. Kutwa nzima nimeshinda na picha.

Nane zilikuwa zimegandia kwenye kurasa za albamu, zile kurasa za gundi zenye plastiki juu. Ya kwanza nikaitia kisu kwa haraka zangu, ikachanika kona, na kona yenyewe ndiyo iliyokuwa na mguu wa mtu. Nimejilaumu mpaka adhuhuri. Saba zilizobaki nimezitoa kwa uzi wa kusafishia meno: unaupitisha chini ya picha, unausukuma huku na huku pole pole kama unakata sabuni, nayo inaachia. Zote zimetoka salama.

Kisha nimekwenda kwa kijana anayetoa fotokopi, akanipigia skani kwa nukta 600 kwa inchi. Alitaka kuzisafisha "ziwe mpya". Nimemuomba aziache na madoa yake, maana doa jeusi mbinguni huenda likawa ndiye kunguru ninayemtafuta. Nambari nimeandika nyuma kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya.

Jumapili, 22 Januari

Picha namba 14. Baba na vijana wenziwe wawili wameegemea ngalawa iliyolala mchangani, nyuma yao vibaraza vya mbao vya Dispensari ya Zamani, vile vyenye nakshi kama lesi. Pahala hapana ubishi, ni ufukwe wa Mizingani, mbele ya Mtini, ule mti mkubwa. Ubishi ulikuwa wa saa.

Pichani maji yamekauka kweli kweli, mpaka mwamba unaonekana. Hiyo ni bamvua. Na mtu wa Unguja hahitaji jedwali kwa hili: mwezi ukiwa gizani au ukiwa mpevu ndipo bamvua, na siku hizo maji hukauka mnamo saa nne, asubuhi na usiku, yakajaa saa kumi. Baina ya kujaa na kupwa tofauti hufika kama mita 4. Vivuli vya miguu yao ni vifupi kiasi, vya asubuhi iliyokwishakomaa. Kwa hiyo saa nne ya asubuhi. Usiku wa jana mwezi ulikuwa giza, basi leo saa tatu na nusu nikawa nimeshafika.

Njia ninayotumia ni hii. Pichani natafuta kitu cha karibu na kitu cha mbali vinavyogusana: hapa nguzo ya pembeni ya kibaraza na ukingo wa paa la nyumba ya pili. Ukisogea kulia vinaachana, ukisogea kushoto vinapandana. Kuvuta kwa lenzi hakusaidii chochote, miguu ndiyo inayofanya kazi. Ukishapata mstari mmoja unatafuta wa pili, na mistari hiyo miwili inapokatana ndipo penye mpigaji.

Nahodha mmoja anayepeleka wageni kisiwa cha Changuu alikuwa amekaa ubavuni mwa boti yake, boti nayo imepwelewa, hana la kufanya. Akaniuliza napima kiwanja cha nani. Nikamuonesha karatasi. Akaishika kwa mikono miwili, akafumba jicho moja, kisha akaanza kuniamrisha kama anaingiza chombo bandarini: "Rudi. Rudi tena. Shika kulia kidogo. Hebu simama hapo hapo, usitikisike." Nilipotizama kwenye simu, nguzo na paa vilikuwa vimegusana. Mimi nilikuwa nimeshahangaika nusu saa peke yangu.

Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimeliona. "Huyu wa kati, baba yako? Mkono wake umeshika kamba. Ngalawa hii yao, hawakuazima." Nitauliza nyumbani. Sijapata kusikia kuwa babu alikuwa na ngalawa.

Jumapili, 29 Januari

Siku mbaya.

Picha namba 9 ndiyo inayopendwa kuliko zote: babu kavaa kanzu na koti, baba pembeni, shangazi naye mtoto wa miaka kama kumi na mbili na gauni la sikukuu. Nyuma imeandikwa "Iddi mosi 1385". Nimeigeuza tarehe ya Hijria, inaangukia Januari 1966. Nyumbani wote, na shangazi mwenyewe ambaye sasa yuko Maskati, wanasema: Forodhani, tukielekea mtaa wa Malindi. Ni kweli bahari iko kushoto, ukuta wenye meno kama ya ngome uko kulia, na nyuma kabisa unaonekana mnara wa saa wa Beit al-Ajaib.

Nimesimama Forodhani saa mbili nzima na hakuna kilichokubali. Ngome Kongwe ina minara yake ya duara, pichani haimo. Ukingo wa bahari haunifai kwa sababu ukuta wa Mizingani umejengwa upya na njia imetanuka. Na mnara wa saa, ambao ndio ungelikuwa alama yangu ya mbali, haupo. Jumba limesimama tangu 1883, likapigwa mizinga 1896 likabaki, halafu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara na watu wawili wakafa. Sasa ni mabati na vyuma vya ujenzi.

Nimerudi na kitu kimoja tu. Upeo wa bahari pichani unamkata babu kwenye mshipi, sawasawa na kitovu. Upeo huwa unapita kwenye urefu wa jicho la kamera. Ukipiga umesimama unapita kwenye macho ya watu wa kimo chako. Kwa hiyo kamera ilikuwa kiunoni. Ami alikuwa na ile kamera ya sanduku, unayoitizama kwa juu. Mimi kutwa nzima nilikuwa napiga kwa urefu wa uso. Sijui kwa nini hata la Mizingani sikuligundua, labda kwa sababu kule bahari ilikuwa nyuma yangu.

Jumamosi, 4 Februari

Shangazi amepiga simu ya video kutoka Maskati, saa nzima, nusu yake ni kuhusu mkwe wa jirani. Nikamrudisha kwenye namba 9. Akashikilia Forodhani. Nikamuuliza upepo ulikuwaje.

"Upepo? Kaskazi mwanangu, si Januari? Nililia siku ile, gauni linanipanda na ami yako anacheka."

Baada ya simu nikaitizama kanzu ya babu. Imegandamana na miguu kwa mbele, ncha yake inapepea nyuma. Upepo unampiga kifuani. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, yaani upande wa Malindi ukiwa pwani ile. Ikiwa inampiga kifuani, basi babu anaelekea Malindi, na kamera imeipa Malindi mgongo, inatizama Forodhani. Lakini anayetizama Forodhani kutokea huko bahari inakuwa kuliani mwake. Pichani iko kushoto.

Vivuli havikunisaidia, vinaelekea baharini namna zote mbili. Nimekaa nayo mpaka chai ikapoa. Ndipo nikaona koti la babu: mfuko wa kifuani, ule wenye kitambaa cheupe, uko kulia. Koti la wapi hilo? Nikaenda kabatini nikatoa makoti yote ya nyumbani, matatu, mfuko uko kushoto katika kila moja.

Picha imegeuzwa. Aliyeisafisha aliweka negativu kinyume, upande wa dawa juu, ikatoka kama ya kwenye kioo, na kwa miaka 57 hakuna aliyeona, maana Beit al-Ajaib uso wake ni sawa kulia na kushoto na mnara uko kati. Ule ukuta wenye meno wala si ngome, ni Beit al-Sahel, kasri la zamani la masultani.

Nimemtumia shangazi picha iliyogeuzwa sawa. Jibu lake la sauti: "Ehee! Ndiyo maana! Ami yako alikuwa akisema kamera yake inaona kinyume." Hapo amechanganya, ila amechanganya vizuri. Kile kioo cha juu cha kutizamia ndicho kinachoonesha kulia kuwa kushoto. Mtu akienda huku, ndani ya kioo anakwenda kule. Filamu yenyewe haigeuki hivyo. Kosa lilikuwa la chumba cha giza. Lakini sasa najua kuwa ami alikuwa akilizungumza jambo hilo, na mdogo wake amelikumbuka.

Jumamosi, 11 Februari

Namba 9 imepatikana. Nimeanzia upande wa Malindi, nimetembea kuelekea Forodhani na karatasi mkononi, na meno ya Beit al-Sahel yakajipanga yenyewe mpaka kona ya ukuta wa karibu ikagusa kona ya paa la mbali. Simu nimeishika kiunoni, nimeinamisha kichwa. Mkao huo unakufanya uonekane mtu anayepiga picha za wizi; askari mmoja alinitizama sana, nikamtolea karatasi, naye akataka kujua yule mtoto sasa yuko wapi.

Penye mnara pana anga tupu na vyuma. Nimepiga hivyo hivyo. Mwanangu anasema angeweza kuubandika mnara kwa kompyuta dakika mbili. Nimemkatalia.

Kuna jambo ukipiga kutoka kiunoni. Watu wanakuwa warefu. Babu wa namba 9 niliyekuwa nikimuona kama jabali, nyumbani wanasema alikuwa mfupi kuliko bibi.

Jumapili, 19 Februari

Namba 12, baba na shangazi na nyuma yao mlima wenye theluji. Familia imebishana juu ya mlima huo muda mrefu. Mmoja anasema Moshi, mwengine anasema walipelekwa Kenya. Nimeikuza. Chini ya mlima kuna mkunjo wa nguo, na ukingo wa zulia. Ni pazia la studio. Naifuta kwenye orodha ya safari.

Jumapili, 26 Februari

Michenzani, picha namba 7. Hii ndiyo niliyokuwa naiogopa.

Bibi amekaa barazani kwake Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, nyumba ya udongo na makuti, kanga begani, ungo wa mchele mapajani. Nyumba hiyo haipo na mtaa wake haupo: baada ya Mapinduzi nyumba za pale zilivunjwa yakajengwa majumba ya maendeleo, yale marefu yanayokatana kama msalaba kwenye mzunguko. Nilipokwenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, nikaona katika ramani ya zamani jinsi nyumba zilivyosongana, vijumba kama punje za mtama, na hakuna inayosema hii ya nani. Katika picha nzima alama ni moja tu, ncha ya mnara mdogo wa msikiti kwa mbali, na mimi nina watu wawili wanaodai kuujua.

Mzee wa kwanza nimemkuta kwenye kahawa. Akaishika picha, akasema bila kusita, nyumba ilikuwa ng'ambo ya pili ya barabara, upande wa mnara wa kumbukumbu ya Mapinduzi. Ameonesha kwa kidole na watu wote kibarazani wakakubali. Nikashukuru, nikaanza kupima.

Bi mkubwa mmoja alikuwa ngazini akichambua mchicha. Nikamuamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, unatafuta nini juani?" Nikamuonesha. Akaweka mchicha chini, akafuta mikono kwa kanga, akaisogeza picha mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Nani kakwambia ng'ambo kule?"

Nikamtaja mzee wa kahawa.

"Yule? Yule katoka shamba sisi tumeshahamia ghorofani. Ataijua wapi nyumba ya udongo ya hapa?" Akanigusa karatasi juu ya kichwa cha bibi. "Unaliona hili? Unajua nini hili?"

Nilikuwa nimeliona mara mia. Kitu kama gogo jeusi kimening'inia chini ya makuti, nikidhani ni boriti iliyovunjika.

"Jamvi. Limekunjwa, limefungwa kamba. Sisi safu yetu yote ilitizama mjini, alasiri jua linatuingia barazani mpaka ukutani. Kila nyumba ina jamvi lake, ikifika alasiri unaliteremsha. Kule anakosema yeye nyumba zilitizama msikiti, jua haliwapati, jamvi la nini?"

Nikaitizama picha upya, papo hapo ngazini. Miguuni mwa bibi, juu ya sakafu ya baraza, kuna kivuli ambacho siku zote nilikihesabu kuwa ni cha mti. Kina viwiko viwili vimechomoza kama masikio ya jagi na katikati kichwa kilichoinama. Ni mtu ameshika kitu kiunoni na anakitizama kwa juu. Jua liko mgongoni mwake, limeshuka, ni la alasiri, kwa hiyo baraza linatizama magharibi, yaani mjini, na bi mkubwa ndiye msema kweli. Bibi ameacha jamvi juu kwa sababu ami alitaka mwanga.

Bi mkubwa akanishika mkono akanipeleka. Ni nyuma ya ngazi ya pili, baina ya tangi la maji na bodaboda zilizopangwa. Dada mmoja anakaanga chipsi pale. Ncha ya mnara wa msikiti nimeiona kwa kuchungulia baina ya majumba mawili, nyembamba kama sindano, na ilipogusa ukingo wa jumba nikajua nimekosea labda hatua mbili au tatu, kwa kuwa kitu cha karibu cha kulinganisha sina tena. Kwa mara ya kwanza naandika "karibu na hapo", na nimeandika kwa penseli.

Jumapili, 5 Machi

Leo jua limepita utosini. Kwetu linapita mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena mapema Oktoba. Namba 31 ni baiskeli ya baba uwanja wa skuli na haina kivuli ila kile cha chini ya mirija yake, kwa hiyo nilitaka siku moja katika hizi. Saa sita na nusu ilipopita kidogo nilikuwa uwanjani na baiskeli ya kuazima. Picha imetoka vizuri. Walimu waliokuwa wakisahihisha mitihani wameniona mwendawazimu.

Saa kumi nikarudi Michenzani kuipiga namba 7 kwa mwanga wake. Nilikuwa nimeshapanga: nisimame pale, simu kiunoni, kichwa nimeinamisha, viwiko nje. Haikuwezekana. Saa kumi pale pote ni kivuli cha jumba, jua halifiki chini mpaka linazama. Dada wa chipsi amekubali kukaa kwenye kiti cha plastiki na beseni la viazi mapajani, na nimempiga hivyo, sakafu tupu miguuni mwake.

Usiku nimemtumia shangazi namba 7 iliyokuzwa, kile kipande cha sakafu tu, bila maelezo. Alikaa kimya kwa muda, alama mbili za buluu zikionesha ameshaona. Kisha sauti ya sekunde 11: "Ndiye. Hata akila aliinama hivyo."

Hesabu ya mpaka leo: zimepatikana 17, moja ni pazia, nne nimeshindwa. Ramadhani inaingia baada ya wiki mbili na kitu, sitatembea juani na funga. Namba 22 tanga limejaa upepo wa kusini, hiyo lazima ingoje kusi ishike. Na suala la ngalawa: mama hajui, shangazi hajui. Nitarudi kwa nahodha bamvua ijayo nimuulize hiyo kamba ameijuaje.